Usimtambue heroe mdogo kwa rangi

Maziwa ya Singidani na Kindai, pale Singida mjini, yana maji ya chumvi na hutembelewa na heroe wa aina mbili, heroe mdogo na heroe mkubwa. Wengi huwaita wote flamingo basi. Kosa huanzia kwenye rangi: jua la asubuhi na la jioni humfanya kila ndege aonekane wa waridi, na vijana wa aina zote mbili ni wa kijivu.

Anza na mdomo. Wa heroe mdogo ni mwekundu uliokolea mno. Kwa mbali unauona mweusi wote. Wa heroe mkubwa ni wa waridi, weusi uko nchani tu, kama umechovywa kwenye wino. Kimo kinasaidia (mdogo sentimita 80 hadi 90, mkubwa 120 hadi 145), lakini ndege akiwa peke yake kinadanganya. Msubiri asimame karibu na wenzake.

Mdomo usipoonekana, tazama anavyokula. Mdogo huchuja mwani kwenye maji ya juu, akipeleka mdomo huku na huku bila kuzamisha kichwa. Mkubwa huzamisha kichwa kizima kutafuta wadudu na vikamba topeni. Wakiruka, usihangaike na weusi wa mbawa, wote wanao.

Nenda kabla ya saa 3 asubuhi, upepo na mvuke wa joto havijaanza kutikisa picha, jua likiwa mgongoni. Darubini inayokuza mara 8 inatosha. Wakiacha kula, wakanyoosha shingo na kuanza kutembea wote upande mmoja, umeshawasogelea mno. Rudi nyuma taratibu.

Tunasisitiza kuwatenganisha kwa sababu heroe mdogo ndiye aliyeorodheshwa kimataifa kuwa anakaribia kutishiwa kutoweka. Wapo wengi, ila Afrika Mashariki wanategemea Ziwa Natron karibu pekee kuzaliana, tena yai ni moja tu kwa jozi. Mvua kubwa ikizimua chumvi ya ziwa, mwani hupungua naye huhama, wakati mkubwa anaweza kubaki. Aliyeandika “flamingo 300” mwezi uliopita na “flamingo 200” leo hajui ni nani aliyeondoka. Kwa hiyo andika tarehe, ziwa na idadi ya kila aina. Kundi likiwa kubwa, hesabu ndege 10, kadiria nafasi wanayochukua, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Wale usiowatambua waandike pembeni, usiwagawe kwa kubahatisha.