Maji ya mchele yaliyochacha si dawa ya madoa

Swali: Shikamoo daktari. Naroweka mchele wa Bahi siku tano mpaka maji yachache, kisha napaka usoni usiku kucha ili madoa ya chunusi yaishe. Hii wiki ya pili, uso unawaka na kubanduka. Jirani ananiuzia krimu ya "mchele uliochachushwa", anasema nitang'aa ndani ya siku saba. Nihamie huko? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

Jibu: Marahaba. Acha hayo maji leo. Kuwaka si "uchafu kutoka" kama wanavyodai wauzaji. Ngozi yako imeungua.

Mchele unaoandikwa kwenye lebo za seramu za ngozi huchachushwa kiwandani kwa vimelea vilivyochaguliwa: hamira, au ile kuvu ya Aspergillus oryzae ambayo Wajapani hutengenezea sake. Kisha maji yake huchujwa, hupimwa ukali wa asidi na kutiwa kihifadhi. Ya kwako yamechachushwa na chochote kilichokuwa kwenye punje, bakuli na vidole. Mchele hubeba bakteria aina ya Bacillus cereus, ambaye mbegu zake (spora) hustahimili hata kuchemshwa. Friji inamchelewesha tu. Kuvu hiyo ya Kijapani ndiyo hutoa asidi ya koji, inayopunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi. Bakuli lako halina uhakika wa kuwa nayo. Unachopaka ni asidi isiyopimwa, tena kwa usiku mzima, huku upepo mkavu wa Dodoma ukimalizia kazi.

Sasa hiyo krimu, na hapa naomba wote mnisikilize. Dondoo la mchele, hata lile halisi, hulainisha ngozi na kusaidia unyevu. Haling'arishi mtu kwa wiki moja, maana ngozi yenyewe huchukua takriban mwezi kujibadilisha. Krimu zinazoahidi kung'arisha kwa siku saba mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali kama clobetasol, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Ni mkorogo uleule, umebandikwa picha ya mpunga. Kopo lisilo na orodha ya viambato, usiliguse. Ukisoma "calomel" au "mercurous chloride", hiyo ni zebaki. Ukiona onyo kwamba isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, ishuku vilevile. Zebaki huharibu figo, na mtoto huipata kwa kukumbatiwa na mama aliyepaka au kutumia taulo lake. Aliyekwisha kupaka krimu za namna hii kwa wiki kadhaa aende kliniki ya ngozi na kopo lake mkononi, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka vibaya.

Wewe dada, nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, na asubuhi losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Bila hiyo madoa yatazidi kukolea. Fanya hivyo wiki mbili. Pakichimbika, pakitoa usaha au pakivimba, usingoje, nenda hospitali.