Muulize Mwalimu: Herufi Saba, Maneno Mangapi?

SWALI: Mwalimu habari ya siku mingi. Mimi ni mzazi hapa Kakamega, kijana wangu yuko gredi 6 na wako na klabu ya Kiingereza shuleni, wanapewa herufi saba wanaambiwa watafute maneno yanayotumia zote saba. Juzi amekuja na A, E, I, N, R, S, T. Tumekaa nayo mpaka ugali ikapoa tukapata RETAINS peke yake, na anasema kuna mwenzake alipata nne. Kuna njia ama ni kipaji tu? Na simu yangu bando huisha haraka.

JIBU: Mzazi mwenzangu, njia iko na inaanza na mikono. Shida ni kwamba macho yakishaona RETAINS hayataki kuiachilia, unaangalia herufi lakini unasoma lile neno moja tu. Tafuta vifuniko saba vya soda, bandika karatasi juu, andika herufi moja kwa kila kifuniko, hivyo ndivyo sisi hufanya hapa Nakuru na binti yangu Jumapili jioni. Panga RETAINS mezani. Sasa chukua A pekee uihamishe nyuma ya N. Soma: RETINAS, retina ni ile ngozi nyembamba nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Binti yangu ndiye aliiona kwanza mimi nikiwa bado nakuna kichwa, na nilifurahi sana. Haya, sasa toa S pale mwisho uipenyeze baada ya T, umepata RETSINA, mvinyo wa Ugiriki unaotiwa utomvu wa msonobari. Vifuniko viwili vimesonga, maneno mawili mapya.

Halafu angalia mikia. Kiingereza kinapenda mikia, -ER, -ED, -ING, -IER, -EST, kwa hivyo ukiona herufi za mkia ziko, zitenge kando kwanza ushughulike na zilizobaki. Tenga ER, inabaki STAIN, ukirudisha ni STAINER. Tenga IER, inabaki A, N, S, T: NASTIER na ANTSIER. Ya mwisho ni STEARIN, ile mafuta magumu ya kutengeneza mishumaa. Hizo ni saba tayari, na kamusi za mashindano ziko na zingine ngumu ambazo singesumbua mtoto wa gredi 6 nazo.

Kuhusu bando, chukua kitabu cha mazoezi na kila neno mnalokutana nalo mpange herufi zake kwa alfabeti. LISTEN inakuwa EILNST. SILENT nayo inakuwa EILNST, na ENLIST, na TINSEL, na INLETS, zote zinakaa mstari mmoja. Programu za simu zinaweza kutumia ujanja huu huu, tofauti ni kwamba zimepangiwa kamusi nzima. Lakini muulize kijana swali linataka nini hasa, maana "maneno yenye C, A, T" inaweza kuwa ACT na CAT zenye herufi hizo tu, ama TEACHER ambapo zimetawanyika, ama LOCATION ambapo CAT imeshikana katikati, na hapo ndipo watoto wengi wanakosa maksi bure.

SWALI: Mwalimu, sisi huwa tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi zenye pointi kwa ubao kuunda maneno, kwa kibanda karibu na soko la Kibuye, Kisumu, tukingoja wateja wa boda. Mimi Q hunimaliza kabisa, nikiipata U hakuna. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli Q iko moja na U ni nne tu kwa herufi zote 100, kwa hivyo kungojea U ni hatari. Lakini wewe Mswahili uko na bahati kwa hii. Kamusi ya Collins ya mashindano inakubali QADI, ambayo ni kadhi, FAQIR ni fakiri, QIBLA ni kibla, na SUQ ni soko, kama hilo la Kibuye mnalokaa kando yake! Ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia kwetu na yakaingia Kiingereza pia, Kiingereza kikaandika Q pale sisi tunaandika K. Ongeza QAT, yaani miraa, na hasa QI, neno la Kichina la nguvu ya uhai, hiyo usilale bila kuijua.

Tena usiitupe QI popote. Q ni pointi 10. Tafuta kisanduku cha kuzidisha herufi mara tatu, uweke Q hapo na I kulia kwake, huku chini ya hiyo Q tayari kukiwa na I nyingine kwa ubao, isomeke QI kwa kwenda na QI kwa kushuka. I zote zikiwa kwa visanduku vya kawaida, kila neno ni 31, jumla 62.