Mnaniuliza Edmonton kukoje? Basi tuanze na hoki

Haya jamani, mmenisakama kwenye grupu la familia, eti niseme ukweli maisha ya Kanada yakoje na kwa nini siku hizi statasi zangu ni hoki ya barafu tu, mwingine kaandika kabisa kwamba nimeshakuwa mzungu. Ngojeni niwajibu na sitawapambia.

Huku Edmonton Desemba saa kumi na moja jioni ni giza, unatoka kazini unajifungia ndani, jirani hata jina humjui. Upweke upo, tena sana. Kantini kazini watu wanaongelea kitu kimoja, Oilers, timu ya mji, na mimi nakula wali wangu pembeni kimya. Nikaanza kuifuatilia, mapenzi hayakuwepo, nilitaka tu na mimi niwe na cha kuongea.

Sasa ndo nikakuta historia yenyewe tamu. Timu imeanza 1972, ikaingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, 1979, halafu ndani ya miaka saba ikabeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wenyewe wa ligi hiyo, mara tano: 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Walikuwa na Wayne Gretzky, huyu jamaa msimu mmoja alifunga magoli 92, tisini na mbili jamani, alafu Agosti 1988, hata mwezi haujaisha tangu afunge ndoa hapahapa mjini, bosi wa timu akamuuza kwa timu ya Los Angeles, Marekani, kwenye dili kulikuwa na dola milioni 15 taslimu. Dogo alilia mbele ya waandishi, na mbunge mmoja akataka serikali izuie. Wazee wa kazini wakifika hapo sauti inabadilika, usithubutu kuwaambia biashara ni biashara. Ila kombe la 1990 walilibeba bila yeye, nahodha Mark Messier, hilo ukilitaja unapata heshima.

Mimi aliyenivuta ni golikipa wao, Grant Fuhr. Mweusi, kazaliwa Spruce Grove hapo nje kidogo ya mji, kalelewa na wazazi wazungu waliomuasili. 1984 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kushinda hilo kombe, na 2003 mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la magwiji wa hoki. Siku hizi mweusi mwingine kwenye timu ni beki Darnell Nurse. Na kuna Jarome Iginla, baba yake Mnigeria, kakulia St. Albert hapo jirani, lakini ujana wake wote akawachezea Calgary, timu ya mji mwingine wa jimbo hilihili, na Calgary na sisi ni Simba na Yanga, kwa hiyo wanamsifia huku wamenuna.

Sasa hivi mfalme ni Connor McDavid, na Mjerumani mmoja Leon Draisaitl. 2024 fainali na timu ya Florida wakapigwa mechi tatu za kwanza, wakashinda tatu zilizofuata, mji ukawa kichaa, ya saba ya kuamua bingwa wakafa 2-1. McDavid akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano na hakutoka hata kuipokea. 2025 Florida tena, tukafa tena.

Sasa msidhani nipo uwanjani kila wiki. Bei ya tiketi, ukijumlisha na kodi ya nyumba na hela mnazoniomba humu (ndio, nawasema nyie), nabaki na tivii. Mwanangu naye kataka kucheza, nikaenda kuulizia: viatu vya kuteleza, helmeti, mapedi mwili mzima, fimbo, ada ya klabu, na mazoezi mengine ni alfajiri na barafu huko nje, na mtoto anakua, mwakani unanunua viatu upya. Nikamwandikisha soka la ndani. Kanuna siku mbili, sasa ni straika, na hoki tunaangalia wote kwenye kochi mpaka mamake azime tivii.