Sugua, Kuna, Kereketa: Maswali Yenu Wiki Hii

Mwalimu, shikamoo. Tumepewa kazi ya kuandika visawe vitano vya "sugua". Naomba msaada. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Kazi ya shule ni yako, lakini nakukwamua kwa sababu aliyekupa ndiye aliyekosea. "Sugua" ina majirani wengi, pacha hana. Macho yenye usingizi hufikichwa. Nazi hukunwa. Ukoko hukwanguliwa, kisha sufuria yenyewe ndiyo husuguliwa kwa majivu au mchanga. Mguu ulioteguka huchuliwa. Kijiti cha kutafutia moto hupekechwa. Bibi harusi wa Unguja au Mombasa husingwa kwa liwa, na ukimwambia somo wake kwamba kazi yake ni "kumsugua" mwali, utatolewa nje na viatu vyako vitafuata. Angalia mkono unavyokwenda: fikicha ni ncha za vidole, chua ni kiganja chenye mafuta, pekecha ni kuzungusha. Ukiandika "alisugua nazi" huenda ukapewa alama, ila tui hutalipata.

Koo linanikeketa siku ya tatu sasa. Hivi ndivyo inavyosemwa? (Dodoma)

Linakukereketa. Keketa ni kukata kwa kisu butu, na sote tunajua siku hizi neno hilo linataja ukatili gani. Swali hili nimelijibu mara nne. La tano silijibu.

Je, mkereketwa wa chama na koo linalokereketa vina uhusiano? (Kigoma)

Wa damu. Kinachokereketa hakikuachi utulie: unakohoa, unakunywa maji, kipo palepale. Mtu ambaye chama chake kimemkaa hivyo ndiye mkereketwa. Angalieni hiyo -twa mwishoni. Yeye ndiye anayetendwa, ingawa waliopanga nyumba karibu na shina la wakereketwa lenye spika mbili wana maoni tofauti. Anayeandika "mkereketa" anamzungumzia pilipili.

"Sugu" imetokana na "sugua"? (Nakuru)

Ndiyo, na hili ni swali nililokuwa nalisubiri. Sugu ni ngozi iliyosuguliwa mpaka ikaacha kusikia. Tazama kiganja cha mshika jembe, au paji la uso la mtu wa kusujudu sana. Hapo ndipo tulipompata mdaiwa sugu na mhalifu sugu: kasuguliwa kwa barua, kwa faini, kwa jela, hasikii. Vijidudu navyo ni hivyohivyo. Wanaomeza antibiotiki kwa sababu ya mafua, ugonjwa usiosikia dawa hizo hata kidogo, wanavisugua tu vijidudu vingine mwilini bila kuvimaliza, navyo vinaota sugu. Daktari anapozungumzia usugu wa dawa ana maana hiyohiyo ya kiganja cha mkulima. Acheni kwenda duka la dawa na ganda tupu la vidonge vya jirani mkisema "nipe kama hizi".

Kwa nini semina huitwa "kupigwa msasa"? (Mtumishi wa umma, Tanga)

Msasa ni mti. Nilipokuwa mdogo, fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa akichuma majani yake na kuyaweka kikapuni. Akimaliza kuranda mguu wa kiti, analishika jani kwa vidole vitatu na kusugua taratibu, akifuata nyuzi za mbao. Likilainika analitupa, anachukua jingine. Ukipitisha kidole juu ya jani lile ni kama umelambwa na paka. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la mti. Kwa hiyo anayepigwa msasa ni mbao, na vumbi sharti lidondoke. Semina ya siku mbili ya chai, maandazi na posho, ambayo hakuna aliyetoka amepungukiwa na kasoro hata moja, iiteni semina.

Viatu vimenichubua, lakini shangazi anasema "kuchubua" ni kujibabua uso kwa mkorogo. (Mbeya)

Mmepatia wote wawili, kwani ngozi imeondoka pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kiatu hukukilipia ili kikuchubue. Na mikorogo mingine ina zebaki, ambayo huharibu figo.

"Kero" au "kelo"? (Wengi mno)

Kero. Inatokana na kera. Na maadamu mmeniita huku, niseme: neno hili tumelichosha. Kero ni mbu sikioni, ni bomba linalodondosha tone usiku kucha, ni kinachoudhi kwa kurudiarudia. Tunaposema kero za Muungano, neno limekaa mahali pake: ni mambo ya watu wanaoishi nyumba moja tangu 1964 na bado wanakwaruzana juu ya funguo. Lakini kijiji kukosa maji miezi mitatu, akina mama wakatoka na ndoo saa tisa za usiku? Hiyo ni dhiki. Kiongozi anayesimama jukwaani na kuiita kero ameshaipunguza kabla hajaigusa, nasi tunampigia makofi.

Kwa nini tunawasha taa, na ngozi nayo inawasha? (Mombasa)

Shika ganda la upupu, kisha uniandikie tena.