Msimbo wa Kila Mfumo Ukae Wapi?

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma, ameniuliza swali zuri. Anahamishia maktaba sanifu (std) ya lugha ya Rust kwenye mfumo endeshi walioutengeneza na wenzake, na sasa `#[cfg(target_os)]`, alama za kusema msimbo huu ujengwe kwa mfumo fulani tu, zimejaa kila faili analofungua. Anauliza: msimbo wa kila mfumo auweke wapi?

Mdogo wangu, zifute zote uanze upya. Nasema hivyo kwa sababu nakutakia mema.

Ndani ya ripo (hazina ya msimbo) ya Rust, mambo ya mfumo yana nyumba yake: `library/std/src/sys`. Humo utakuta folda za kazi, kama `fs` na `stdio`, na ndani yake faili la unix, la windows na la `unsupported` (la mifumo isiyo na kazi hiyo). Mfumo unachaguliwa mara moja tu, kwenye `mod.rs` ya kazi husika. Msimbo ulio juu yake hautakiwi kujua uko mfumo gani. (Nyie wa hosteli za Ng'ong'ona mnaotegemea bando, vuteni ripo kwa `git clone --depth 1`, inayoshusha toleo la mwisho tu bila historia yote.)

Kila kazi ielekeze kwanza kwenye `unsupported`, mpaka std nzima ijijenge bila kosa. Halafu jaza moja moja: kumbukumbu, kisha stdout ili `println!` itoe neno, ndipo saa, nyuzi, faili na mtandao. Ambayo bado hujaiandika irudishe kosa la `Unsupported`. Usirudishe `Ok(())` (jibu la "imefaulu") ya uongo, tafadhali! Programu itaamini imehifadhi data ya mtu kumbe haipo popote. Na ongeza jina la mfumo wako kwenye `build.rs` ya std, la sivyo watumiaji watadaiwa kuwasha kibali cha majaribio kiitwacho `restricted_std`.

Lakini si kila tofauti inastahili faili lake. Tazama errno, namba ya kosa la mwisho la mfumo: Linux inaipata kwa `__errno_location`, macOS na FreeBSD kwa `__error`, Android na OpenBSD kwa `__errno`. Kazi ni ileile, jina tu limebadilika, kwa hiyo `link_name`, alama ya kutaja jina la kuunganishwa nalo, inatosha. Windows ndiyo tofauti ya kweli: inatumia `GetLastError`, faili linashikwa kwa HANDLE (kishikio cha Windows) badala ya namba, na njia za faili ni UTF-16 (maandishi ya vipande vya biti 16). Hiyo ipe faili lake.

Wa lugha ya Go, nyie mnachagua kwa jina la faili: `_linux.go`, `_windows.go`. Hapo wengi wananaswa na `_unix.go`. Jina hilo halizuii chochote. Bila mstari wa `//go:build unix` juu ya faili, unaotambulika tangu Go 1.19 ya 2022, litajengwa hata kwenye Windows.