Makosa madogo kwenye maombi ya chuo: lipi lirekebishwe, lipi liachwe?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita mwaka 2025, mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na nimeomba vyuo vitatu. Chaguo langu la kwanza ni shahada ya uchumi. Nilijaziwa fomu steshenari kwa sababu simu yangu haifungui mfumo vizuri. Nilipofika nyumbani nikasoma nakala niliyochapishiwa, nikaona makosa. Jina la baba limeandikwa Mohamed, ilhali cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mohammed. Wilaya imewekwa Korogwe, nami natoka Lushoto. Kazi ya mzazi imeandikwa "mkulma". Namba ya simu ni ya kaka, maana laini yangu ilikuwa imefungwa. Halafu kuna mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne niliorudia mwaka 2023 nikapata C (mwaka 2022 nilipata F, na BAM, yaani Basic Applied Mathematics, ya kidato cha sita pia F), ila sikuuingiza kwa kuwa masomo mengine yote yapo kwenye matokeo ya 2022. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Je, watayatupa maombi yangu? Nifungue akaunti mpya nianze upya?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La kwanza kabisa: usifungue akaunti mpya. Nimefanya kazi ya udahili kwa miaka, na nimeona waombaji wengi wakijiumiza kwa haraka ya kusahihisha kuliko kwa kosa lenyewe. Ukiomba mara mbili katika chuo kimoja kwa namba ileile ya mtihani, ama mfumo utakukataa, ama ofisi itabaki na maombi mawili ya mtu mmoja isijue lipi ndilo. Maombi yako ya sasa yako hai. Tunayarekebisha hayohayo.

Umeyapanga makosa yako kwa namna yanavyokutia aibu, nami nayasoma kwa mpangilio tofauti. La mwisho, ambalo umeligusia kama jambo la pembeni, ndilo linaloweza kukunyima nafasi. Tuanze nalo.

Unapoingiza namba ya mtihani, mfumo wa chuo huvuta matokeo yako kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Namba ya shuleni huanza na S, kisha namba ya kituo, namba yako na mwaka. Uliporudia kama mtahiniwa wa kujitegemea ulipewa namba nyingine inayoanza na P, yenye mwaka 2023. Mfumo hauna njia ya kujua kwamba watu hao wawili ni wewe mmoja, mpaka wewe mwenyewe uuambie. Kwa sasa unaona mwombaji mwenye F ya Hisabati.

Sasa chukua kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, usome sifa za kozi uliyoomba katika kila chuo. Sharti la jumla kwa wanaotoka kidato cha sita ni alama mbili za principal (ufaulu kamili wa somo, A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayotakiwa na kozi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wengi huishia hapo wakaona wamefuzu. Lakini kozi nyingi za uchumi zina sentensi moja zaidi: mwombaji asiyekuwa na Hisabati ya juu (Advanced Mathematics ya kidato cha sita) awe amefaulu BAM au awe na alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. BAM yako haikubebi. Kinachokubeba ni ile C ya 2023, nayo haimo kwenye maombi. Hata uwe na pointi 10, mfumo unaweza kukuweka kando kwenye kozi hiyo pasipo mtu yeyote kukuonea.

Mifumo mingi ina sehemu ya kuongeza mtihani mwingine wa kidato cha nne. Ingia leo, uongeze namba ya P, kisha hakikisha jina linalotokea ni lako na Hisabati inasomeka C. Angalia kila tarakimu: ukikosea moja, yanaweza kuja matokeo ya mtu mwingine. Kama mfumo umefunga maombi baada ya kuyatuma, iandikie ofisi ya udahili kabla dirisha la awamu hii halijafungwa. Na tangu TCU ilipoachana na mfumo wa pamoja wa maombi mwaka 2017, waombaji huomba chuo kimoja kimoja. Kwa hiyo utarekebisha mara tatu, kila chuo kivyake. Chuo kimoja hakitaviambia vingine.

Barua iwe fupi, kwa mfano hivi: "Naomba kuongezewa matokeo ya Hisabati niliyorudia mwaka 2023. Namba yangu ya maombi ni hii, namba ya mtihani wa 2022 ni hii, na ya 2023 ni hii. Nimeambatisha nakala ya matokeo." Weka namba ya maombi kwenye kichwa cha barua. Tuma mara moja, subiri siku kadhaa za kazi, kisha piga simu au nenda ofisini ukiwa na nakala. Usitume ujumbe huohuo kila asubuhi. Kila ujumbe hufunguliwa na mtu, na mtu huyo ana foleni ndefu.

La pili kwa uzito ni simu ya kaka, pamoja na jambo ambalo hukulitaja: baruapepe. Ukijaziwa steshenari, mara nyingi mhudumu hutumia baruapepe yake mwenyewe na nywila anayoijua yeye. Rudi kwake upewe vyote, kisha ubadilishe nywila. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, mwombaji aliyepata zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa simu au baruapepe aliyojaza. Muda wa kuthibitisha ni mfupi. Nimewahi kumpokea kijana aliyechaguliwa vyuo viwili asijue, kwa sababu ujumbe uliingia kwenye simu ya mjomba aliyekuwa safarini. Laini yako ikifunguliwa, badilisha namba kwenye mfumo. Ikishindikana, kaka ajue tangu sasa, na simu isizimwe wakati huo. Ujumbe usipofika, unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya chuo na kuomba utumiwe namba hiyo upya.

Jina la baba linataka utulivu. Chuo humsajili mwanafunzi kwa jina lililo kwenye vyeti vyake vya mitihani. Kama NECTA wanaandika Mohamed, basi fomu yako iko sahihi, na aliyejaza hakukosea chochote. Usiligeuze liwe Mohammed ili lifanane na cheti cha kuzaliwa, maana hapo ndipo ungetengeneza tofauti isiyokuwepo. Tofauti hiyo itakuhusu utakapoomba mkopo, kwa sababu Bodi ya Mikopo, HESLB, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, uiweke pamoja na vyeti vyako. Na kwenye maombi ya mkopo tumia namba ileile ya kidato cha nne uliyoombea chuo, usije ukaweka ya S huku na ya P kule. Wako wanafunzi waliochelewa kupata mkopo kwa sababu hiyo tu, na inauma kumwona mtoto amepata nafasi lakini hana nauli wala pa kulala.

Korogwe badala ya Lushoto: rekebisha ukiwa umeshaingia kwenye mfumo. Ukishindwa, sahihisha siku ya usajili. Hakuna kozi ya uchumi inayotolewa kwa kuangalia wilaya.

"Mkulma" acha. Hakuna ofisa anayempima mwombaji kwa herufi iliyodondoka kwenye kazi ya mzazi, na mfumo hausomi sehemu hiyo unapopanga waombaji kwa sifa. Najua ndilo neno linalokurudia usiku, kwa kuwa linamgusa mzee wako. Halina madhara kwako wala kwake.

Ukimaliza, chapisha nakala mpya ya maombi ya kila chuo, yenye namba zote mbili za mtihani, uihifadhi pamoja na stakabadhi za malipo. Na kama dirisha litakuwa limefungwa kabla hawajakujibu, usikate tamaa. Kukiwa na awamu ya pili, kozi ambazo bado zina nafasi hutangazwa, nawe utaomba ukiwa na C yako mahali pake. Ila kwa sasa bado una muda, kwa hiyo anza na ile namba ya P.