Betri chakavu kutoka Iringa hadi Dar: Kitonga au Dodoma?

Ndugu, nimekuelewa: lori la betri chakavu za magari, na unasita kati ya kushuka mteremko mkali wa Kitonga na kuzungukia Dodoma. Mimi hupita Kitonga, mchana, barabara ikiwa kavu. Njia ya Dodoma inakwepa mteremko ule na Hifadhi ya Mikumi, ila ni ndefu na inapita Bwawa la Mtera. Asidi na madini ya risasi ya betri vikimwagika pale, wavuvi na familia zao wataumia. Kitonga shuka na gia nzito tangu juu, breki zikichemka umekwisha. Mto Ruvu nao ndio maji ya Dar, punguza mwendo darajani. Panga betri wima, beba chokaa ya kupunguza ukali wa asidi ikimwagika. Kibali anzia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kupakia. Zikivuja, ondoa watu, piga Zimamoto 114.